Muulize Refa: "Mwanangu kauza njumu, kanunua firimbi"

Barua za mwezi huu nimezisomea karakanani, Majengo, Mombasa, mbele yangu friji ya muuza juisi imefunguliwa mgongo inangoja gesi. Kwa anayenisoma mara ya kwanza: nilipuliza firimbi miaka 23, tangu 1987 hadi 2010. Ligi Kuu nilifika, orodha ya FIFA ya marefa wa kimataifa sikufika, na kuna mmoja wenu aliyeuliza kwa nini. Maswali ya kuotea, yaani ofsaidi, nimeyaweka ya mwezi ujao, maana hayo yakianza hayabakishii wenzake nafasi.

"Asalaam aleikum kaka. Naishi Kisauni, nina watoto watatu. Kifungua mimba wangu ana miaka 19, alikuwa beki wa timu ya mtaa. Sasa kauza njumu, kanunua firimbi na saa, aniambia ataka kuwa refa. Babake asema hiyo si kazi, ni kutafuta matusi ya bure. Ni kazi au si kazi?"
*Mama wa Kisauni*

Waleikum salaam, dada yangu. Matusi yapo, babake hakuongopa. Mimi nimetukanwa kwa Kimvita, Kidigo, Kigiriama, Kijaluo, na kwa lugha ambazo hadi leo sijui niliambiwa nini. Marehemu mama yangu ametukanwa na watu aliowauzia mahamri asubuhi ya siku ile ile, tena kwa mkopo. Lakini hata makanga wa matatu hutukanwa, na hakuna anayesema ukanga si kazi.

Ni kazi, ila haikulishi. Hilo nakwambia mapema. Mechi yangu ya kwanza ilikuwa Tononoka, watoto wa chini ya miaka 14, nikalipwa nauli na soda. Soda yenyewe ya moto. Hata nilipopanda hadi Ligi Kuu, pesa ya mechi ilikuja inapotaka yenyewe: mwezi huu ipo, miezi mitatu haipo, na kuna msimu mmoja mzima ambao hadi leo nadai. Mwenye nyumba wangu hakutaka kusikia habari za msimu huo. Walionilelea wanangu ni mafriji ya watu.

Wala si sisi tu. Uingereza kwenyewe, waamuzi wa ligi kuu walianza kuajiriwa kwa mshahara mwaka 2001; kabla ya hapo kila mmoja alikuwa na shughuli yake ya kumpa riziki. Howard Webb, aliyechezesha fainali ya Kombe la Dunia 2010, alikuwa polisi. Björn Kuipers wa Uholanzi ana maduka ya supamaketi. Huyu wetu Peter Waweru, refa wa FIFA aliyechezesha Kombe la Mataifa ya Afrika, ni mhadhiri wa hisabati chuo kikuu. Kwa hivyo mwambie kijana ashike firimbi, na ashike ufundi. Tena achague ufundi ambao akifunga duka Jumamosi saa saba mchana hakuna wa kumfuta kazi. Kazi ya zamu itamtesa. Nimewaona wazuri kuliko mimi wakiacha kwa sababu ya zamu tu.

Njia yenyewe ni hii. Aende kwenye tawi la shirikisho la soka hapa Mombasa aulizie kozi ya waamuzi wapya. Atafundishwa sheria 17 za mchezo, atafanya mtihani wa kuandika na wa kukimbia. Akipita ataanzia daraja la chini kabisa, mechi za watoto na ligi za mtaani, na mara nyingi atapewa kibendera cha msaidizi badala ya firimbi. Asikidharau. Kwenye kibendera ndiko unakojifunza kunyamaza, maana mashabiki wako mgongoni hatua mbili, wanajua jina lako na jina la mke wako. Halafu ni kupanda daraja kwa daraja, mtihani juu ya mtihani. Ili jina lipelekwe FIFA, refa wa kati lazima awe ametimiza miaka 25, na msaidizi miaka 23. Wako ana 19. Muda anao, lakini si wa kuchezea.

Na asome. Mimi nilipohitimu, mshambuliaji aliyekuwa sambamba na beki wa pili kutoka mwisho alikuwa ameotea. 1990 wakasema hajaotea. Kipa alikuwa akirudishiwa mpira na beki wake anaudaka kwa mikono, na mechi hulala hapo, 1992 ikakatazwa. Kitabu hubadilishwa karibu kila mwaka, na mabadiliko huanza tarehe 1 Julai. Kuna marefa hapa mjini, siwataji, ambao wanachezesha kwa kitabu cha enzi za Moi.

Umesema kanunua firimbi moja na saa moja. Anunue za pili. Firimbi yenye kipunje ndani hukwama ikiingia mchanga wa viwanja vyetu, unapuliza inatoa hewa tupu na beki keshavunja mtu; atafute isiyo na kipunje. Saa ya kwanza aiache iende bila kusimama, ya pili aisimamishe kila mchezo unaposimama. Kadi asizitie mfuko mmoja. Mimi ya manjano niliiweka kifuani, nyekundu mfuko wa nyuma wa bukta, ili safari ya mkono iwe ndefu na hasira ipate kupungua njiani. Kalamu mbili, na kwenye daftari aandike timu kwanza, kisha namba. Graham Poll, refa mkubwa wa Uingereza, kwenye Kombe la Dunia 2006 alimwonyesha Josip Šimunić wa Croatia kadi ya manjano mara tatu ndipo akamtoa, kwa sababu ile ya pili aliiandika kwa namba 3 wa Australia. Hakuchezesha tena mechi ya Kombe la Dunia. Kosa la kalamu, dada, si la macho.

Babake mwambie aje siku moja aketi nyuma ya goli, asiseme yeye ni baba wa refa, asikilize dakika 90. Akitoka hapo bado ana moyo wa kumruhusu, basi nyumba yenu imeshaiva.

"Sabalkheri bwana refa. Sisi ni baraza ya Kibokoni. Juzi, mechi ya vijana, shuti limepigwa likamgonga refa ndani ya kijisanduku, mpira ukaingia wavuni. Refa akakataa bao. Mzee wetu asema refa ni kama mlingoti, bao halali. Vijana wasema si halali. Dau ni sahani mbili za viazi karai. Nani anunue?"
*Baraza*

Mzee wenu alikuwa sahihi hadi 2019. Miaka yote hiyo mpira ukimgonga refa ni kama umegonga mlingoti wa goli, unaendelea, hata ukiingia. Tangu 2019 ukimgonga ukaingia moja kwa moja golini hakuna bao: refa anasimamisha mchezo na kudondosha mpira, na kwa vile ilikuwa ndani ya kijisanduku anamdondoshea kipa, wengine wote wakae mita 4. Hivyo hivyo ukimgonga ikaupata timu nyingine, au shambulizi la maana likaanzia hapo. Ukimgonga ukabaki kwa wenyewe, twende kazi.

Mzee anunue viazi. Vijana wanunue kahawa, kwa heshima ya umri wa sheria yake.

Na yule aliyeniandikia kwa herufi kubwa tupu kuhusu kipa aliyeadhibiwa kwa kona: refa hakulewa. Tangu Julai 2025 kipa akiukumbatia mpira zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona. Refa huinua mkono na kuhesabu zile tano za mwisho kwa vidole. Kipa wenu alikuwa akizitazama.

"Ami, hujambo? Babangu asema ulikuwa refa hodari pwani nzima. Kwa nini basi hukufika FIFA? Ulikosana na wakubwa?"
*Kijana wa Tudor*

Sikukosana na mtu, mwanangu. Nilikosana na mita 60.

Enzi zetu mtihani ulikuwa ule wa Cooper: unakimbia dakika 12 bila kusimama na lazima ufikishe mita 2,700, na mbio fupi zinakungoja pembeni. Mwaka 1996, nina miaka 31, jina langu likiwa mahali pazuri, tukaitwa Nairobi. Alhamisi binamu yangu aliozwa. Pilau nililila kama asiye na safari. Ijumaa usiku nikapanda basi, magoti yamegusana na kiti cha mbele hadi alfajiri. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mapafu yangu mimi ni ya Majengo. Raundi ya tatu nilisikia ladha ya chuma mdomoni. Firimbi ikalia nikiwa mita 2,640. Msimamizi alikuwa na kamba ya kupimia, akapima, akanitazama, akapima tena kwa kunihurumia. Kamba ikasema vile vile.

Mwaka uliofuata nilipita, lakini foleni ilikuwa imeshanipita. Nafasi za nchi ni chache, na anayeingia hatoki upesi.

Siku hizi mtihani ni mwingine. Kwa refa wa kati wa kimataifa, mwanamume, kwanza ni mbio fupi sita za mita 40, kila moja isizidi sekunde 6. Halafu unakimbia mita 75 kwa sekunde 15, unatembea mita 25 kwa sekunde 18, unarudia hivyo mara 40. Ni kilomita 4, na firimbi ndiyo inayokwambia lini uondoke na lini uwe umefika. Niliujaribu kwa kujifurahisha. Mara ya 23 niliketi kwenye nyasi na kuulizia maji.

Maji nayo yana kisa. Kuna wanaopiga makelele refa akisimamisha mchezo dakika ya 30 ili watu wanywe. Wanasema mpira umekuwa wa kitoto. Waende wakakimbie wao mwezi wa Januari hapa kwetu, kaskazi limetulia, jasho halikauki, linakaa mwilini kama mafuta. Januari 2022, mji wa Limbe, Kameruni, nao uko pwani kama huu wetu, Janny Sikazwe wa Zambia alimaliza mechi ya Tunisia na Mali dakika ya 85. Akaambiwa, akarudi, akamaliza tena sekunde chache kabla ya 90. Dunia nzima ilimcheka. Baadaye ikajulikana kwamba joto lilikuwa limempanda kichwani, akapelekwa hospitali. Mimi sikucheka hata siku ile, maana niliitambua ile hatua yake: unainua mguu, hujui utautua wapi. Mwaka ule ule Sikazwe alichezesha Kombe la Dunia Qatar, na roho yangu ikatulia.

Utauliza kama inaniuma. Iliniuma hadi Julai 1998. Nilikuwa nyumbani kwa mteja, nimeshika kompresa ya friji yake, televisheni yake imewashwa, nikamwona Said Belqola wa Morocco akiziongoza Brazil na Ufaransa kuingia uwanjani kwa fainali. Mwafrika wa kwanza. Kompresa nikaiweka chini. Alimtoa Desailly kwa kadi ya pili ya manjano mbele ya Ufaransa nzima, uwanja wa nyumbani kwao, wala mkono haukutetemeka. Mteja alinilipa nusu, akasema saa mbili zilizobaki nilikuwa mgeni wake.

"Shikamoo ami. Nina miaka 17, niko shule Likoni, navaa hijabu. Mwalimu wa michezo aniambia nina jicho la kibendera, nimeshasimamia mechi za shule sita. Shangazi yangu asema hijabu imekatazwa na FIFA, na refa mwanamke hasikizwi. Ni kweli?"
*Mwanafunzi, Likoni*

Marahaba, mwanangu. Habari za shangazi zilikuwa za kweli, zimepitwa tu. Ilikuwa imekatazwa, ndiyo, ikaanza kujaribiwa 2012, na 2014 ikaruhusiwa rasmi. Masharti yaliyowekewa wachezaji wenye vazi la kichwa ni mepesi, nawe yafuate: kiwe cheusi au rangi ya jezi, kibane kichwa, kisishonwe kwenye jezi, kisiwe na kitu cha kuning'inia wala cha kuchoma. Kwa hivyo pini acha nyumbani. Wasichana wengi huja na ile ya kuvuta kama soksi, haifunguki hata ukikimbia dhidi ya upepo wa kusi.

Mwambie shangazi aulize habari za Jawahir Roble. Amezaliwa Somalia, vita vikawakimbiza, akakulia London, na huko anachezesha wanaume wazima akiwa na hijabu yake. Amwulize Salima Mukansanga wa Rwanda, jirani yetu huyu, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume, Januari 2022. Mwisho wa mwaka ule ule Stéphanie Frappart wa Ufaransa alichezesha Costa Rica na Ujerumani kule Qatar, na wenye vibendera wake wote wawili walikuwa wanawake. Na wetu Mary Njoroge amebeba kibendera Kombe la Dunia la wanawake.

Hilo la kutosikizwa, sasa. Hapo nina dhambi yangu ya kuungama. Mwaka 2005 nilipangiwa msaidizi mwanamke kwa mara ya kwanza na nikanuna. Nilimwambia chumbani, "Wewe nitazame mimi tu." Dakika za lala salama wenyeji wakafunga, uwanja ukalipuka, watu wameshaingia ndani kucheza, na yeye kibendera kiko juu. Ameotea. Nikamwendea nikitaka ashushe. Wallahi, nilitaka ashushe. Alinitazama usoni akasema maneno manne tu: "Namba tisa, hatua moja." Mkono haukushuka. Nikakataa bao, tukatoka na polisi. Jioni, mtu wa kurekodi harusi aliyekodiwa kupiga picha mechi ile alitupa kamera tutazame. Hatua moja kamili, kama alivyosema.

Sikumwomba radhi siku ile. Nilimwomba baada ya miezi minne, kwenye feri, kwa sababu kwenye feri hapakuwa na mahali pa kukimbilia.

Endelea na shule. Mtihani wa kidato cha nne ufanye kwanza, kozi haikimbii. Mechi za shule ziongeze, na kila mechi uandike ulichokosea, si ulichopatia.

"Shikamoo mzee. Mimi refa, mwaka wangu wa pili. Jumamosi nilitoa kadi ya manjano dakika ya 80. Mechi ilipokwisha, nimeshatoka uwanjani naelekea nilipoacha begi, yule mchezaji akanizaba kofi. Viongozi wake wakaja wakaomba radhi, wakanitia mkononi elfu mbili 'za nauli', wakanisihi nisiandike. Timu yao yapigania kupanda daraja. Niliogopa, nikazipokea. Ripoti sijatuma. Nifanyeje?"
*Refa kijana*

Huyu nilimpigia simu siku ile ile, na ninaichapa barua yake kwa idhini yake, bila jina, timu wala uwanja. Niliyomwambia ni haya.

Kadi umeshachelewa, kwa sababu ulikuwa umetoka uwanjani. Ungekuwa bado ndani ya mistari ungeweza kumwonyesha hata baada ya firimbi ya mwisho. Lakini ripoti haijali mistari: sheria ya 5 yakutaka uandike lolote lililotokea kabla, wakati na baada ya mechi. Kaa chini, kalamu mkononi, usitie chumvi. Usiandike "mchezaji mtovu wa nidhamu alinishambulia vibaya". Andika: "Baada ya mechi, nikiwa nje ya uwanja, mchezaji namba 6 alinipiga kofi shavu la kushoto kwa mkono wa kulia. Viongozi wawili wa timu hiyo walinipa shilingi 2,000 na kuniomba nisiandike. Nilizipokea. Nazirudisha pamoja na ripoti hii." Hilo neno "nilizipokea" litakuchoma kuliko kofi. Liandike.

Akaniuliza, elfu mbili kweli, mzee? Nikamkumbusha 2018. Siku chache kabla ya Kombe la Dunia la Urusi, msaidizi kutoka hapa hapa Kenya, tiketi imeshakatwa, jina limeshatangazwa, alijiondoa baada ya kamera ya siri kumwonyesha akipokea pesa. Zilikuwa dola 600. Mtu amepanda madaraja yote niliyomhesabia yule mama wa Kisauni hapo juu, amefika mlangoni, kwa dola 600.

Halafu nikamweleza kisa ambacho sijakiandika hapa kwa miaka yote ya ukurasa huu.

Mwaka 1993 nilichezesha ng'ambo ya feri. Beki mmoja, jibaba, nilimpa kadi, na mechi ilipokwisha akanipiga teke nyuma ya goti nikapiga magoti mbele ya watu. Kiongozi wa timu akaniinua, akanifuta vumbi kwa leso yake, akanipakia kwenye pikapu hadi feri. Njiani akaninunulia dafu. Hakunipa hata shilingi, yule, alikuwa na akili kuliko hawa wako. Alisema tu, "Ana mke na mtoto mchanga, refa." Nikafika nyumbani, nikaandika kwa mwandiko mzuri: "Mechi ilimalizika salama."

Hazikupita wiki saba, beki huyo akamvunja taya refa mwingine, mdogo kuliko mimi. Kamati ikakaa, ikauliza kama kuna rekodi yoyote ya nyuma ya mchezaji huyu. Faili likafunguliwa. Hamna kitu. Ikawa ni kosa la kwanza, adhabu ikawa ndogo. Mimi nilikuwa nimeketi chumba kile kile, nimeitwa kwa shauri jingine, nikatazama viatu vyangu.

Yule mdogo wangu hakurudi uwanjani. Sasa auza nazi Kongowea. Mke wangu akitaka nazi mimi hununua kwa mwingine, nazo ni ghali.

Kijana ametuma ripoti yake, na pesa. Kamati haijakaa. Jumamosi iliyopita hakupangiwa mechi, na amenipigia kuniuliza kama ndiyo malipo yake. Nimemwambia sijui, aende mazoezini.

"Wewe refa. Mwaka 2003, Mbaraki, dakika ya 88, mshambuliaji wetu akaangushwa ndani ya kijisanduku, ukapunga mikono eti chezeni. Tukatoka sare. Miaka yote hii nakusoma hapa watufunza sheria. Huoni haya?"
*Mkereketwa*

Naona, ndugu yangu. Ilikuwa penalti.

Refa hukimbia kwa mshazari, kona hadi kona, na upande wa pili wa mshazari yuko msaidizi, ili mchezo ukae kati ya macho manne. Siku ile kigimbi changu kilianza kukaza dakika ya 75. Badala ya kuzunguka nikakata njia ya katikati, kwa hivyo shambulizi lilipofika beki alikuwa kati yangu na ule mguu. Niliona mgongo wa jezi, kisha nikaona mtu chini. Penalti ya mgongo wa jezi haitolewi. Nikamtazama msaidizi, naye ananitazama mimi. Nikapunga.

Usiku nikasikia mshambuliaji wenu ameshonwa nyuzi nne. Aliyejiangusha hashonwi. Lakini mchezo ulikuwa umeshaanza tena na umeshakwisha, na uamuzi haurudi nyuma.

Kuna jambo moja ningependa tulimalize sisi wawili. Dakika ya 89 ganda la chungwa lilirushwa kutoka upande wenu, likanikosa, likampata kamishna wa mechi kwenye miwani. Kama ni wewe, ujue limo. Ripoti ya siku ile, ukurasa wa pili: "Ganda moja la chungwa, kutoka upande wa mashabiki wa nyumbani. Aliyerusha sikumwona."